Ua la Dasara Ndani ya Kabati la Seli

“Usiniambie hujui, Dattu! Kwenye maabara yangu hakuna jibu hilo!”

“Profesa, nakuapia...”

“Usiape! Nani alifungua kabati siku ya Dasara? Mimi? Daktari Vaidehi? Ni wewe, peke yako! Halafu leo nakuta ua limeoza kwenye sinia la maji, na wewe unaniambia hujui!”

“Kufungua nilifungua, sikatai. Wewe mwenyewe ulinituma nije kuzilisha seli. Lakini ua, Profesa? Mimi? Miaka kumi na tisa, mle ndani siingii hata na kitana mfukoni!”

“Basi ua lina miguu! Limetembea lenyewe!”

Upande wa pili wa ukuta, Sayali alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari la hesabu. Ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba, ukipiga chafya huku, wa kule anakutakia afya. Kila neno lilikuwa linapita. Kalamu haikusogea, wino ukawa unatoka kidogo kidogo mpaka ukafanya doa jeusi juu ya swali la nne, na yeye hakuliona doa. Alikuwa anaangalia vidole vyake.

Vidole hivyo ndivyo vilivyoliweka lile ua.

Sayali alikuwa na miaka kumi na tatu, darasa la nane. Shule ikiisha saa saba hakuwa na mtu nyumbani, kwa hiyo kila siku anashuka kwenye basi pale getini kwa taasisi, anamsalimia mlinzi, anapanda ghorofa ya pili mpaka kwenye kiofisi cha mama yake, anakula chakula alichofungiwa, anafanya kazi za shule. Saa kumi na mbili mama anavua koti jeupe, wanapanda pikipiki, wanarudi kwao, mtaa wa Kothrud. Maisha ndiyo hayo tangu darasa la nne. Watu wote wa maabara walimjua, na aliyemjua kuliko wote ni Dattu, fundi wa seli. Yeye alimwita mjomba, naye Dattu akamwita mpwa wangu, ingawa kwa damu hawakuwa kitu.

Kazi ya pale aliifahamu vizuri, maana mama yake alipenda kuieleza huku anakanda unga wa chapati. Mtu akiota uvimbe kwenye ubongo, shida si uvimbe peke yake. Ubongo una milango iliyofungwa. Dawa nyingi ukimpa mgonjwa zinazunguka mwili mzima, zinamnyoa nywele, zinamtapisha, halafu zikifika kwenye ubongo zinagonga mlango na hazifunguliwi. Ila zipo seli fulani changa, zinaitwa seli shina, ambazo zina tabia ya ajabu. Zinausikia uvimbe kwa mbali na kuufuata.

“Kama sisimizi na asali,” Mjomba Dattu ndivyo alivyokuwa akisema. “Weka tone la asali juu ya kabati, ufunge madirisha yote. Asubuhi utawakuta hapo. Wamepita wapi? Waulize wenyewe.”

Basi, ndani ya seli hizo mama na wenzake waliingiza jeni moja, yaani maagizo mapya. Seli zikishafika kwenye uvimbe zinaanza kutengeneza kitu ambacho kinageuza dawa moja ya upole kuwa sumu kali. Mgonjwa anapewa ile dawa ya upole. Mwilini kote inapita bila fujo, lakini pale kwenye uvimbe, palepale tu, inageuka sumu. Bado walikuwa wanajaribu kwa panya. Na panya arobaini walikuwa tayari, wana uvimbe kichwani, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yao ya kupewa seli. Si Jumatatu, wala wiki ijayo. Ikipita Jumamosi uvimbe unakuwa mkubwa mno, panya wanakufa bure na jaribio linaanza upya mwakani.

Sasa hilo ua lilifikaje huko?

Jumatatu, siku ya kuamkia Dasara, sikukuu yao kubwa ya Kihindu, kila chombo cha kazi kinapambwa. Ndivyo ilivyo. Dereva anapamba gari, mshonaji anapamba cherehani, na wale wa maabara nao walipamba hadubini, mizani, mashine ya kuzungusha chupa, hata kompyuta ya Profesa Phadnis ikavishwa shada la maua ya manjano. Wakapaka unga mwekundu, wakavunja nazi, wakagawa pedha, vile vitamu vya maziwa na sukari. Ila chumba cha seli hakikuguswa. Dattu alitia tone la unga mwekundu kwenye fremu ya mlango kwa nje, akaunganisha viganja kuomba, akasema inatosha.

“Na kabati la ndani je?” Sayali aliuliza.

“Mle ndani Mungu anaingia mwenyewe, hahitaji maua yetu.”

Jibu hilo halikumwingia. Bibi yake alikuwa anasema kila mwaka kwamba chombo kikisahauliwa siku hiyo kinasusa, mwaka mzima kinakuharibia kazi. Sasa inakuwaje mizani ipate shada, na seli zenyewe, zile ambazo ndizo silaha ya kuua uvimbe, zisipate hata ua moja? Akawaza hivyo. Na tuseme ukweli, akawaza na lingine: akawaza jinsi atakavyowaambia wenzake shuleni. Watu wakiwa wamezunguka sahani ya pedha, wanacheka, yeye akasukuma mlango wa chumba cha seli. Hakuvaa koti wala glavu, na vidole vilikuwa bado vina sukari. Makabati ya joto ya kukuzia seli yalikuwa mawili. Akafungua la pili, kwa sababu lilikuwa karibu, akaona chupa bapa zimepangwa, ndani zina maji mekundu ya kupendeza. Akaweka ua moja dogo juu ya chupa, akaunganisha viganja kuomba.

Ua likaserereka. Likapita katikati ya chupa, likadondoka chini kabisa, nyuma, kwenye sinia la maji linalotunza unyevu. Akaingiza mkono, haukufika. Akasikia mtu anakuja. Akafunga kabati, akatoka, akala pedha ya pili.

Ndiyo hivyo tu. Dakika moja na nusu.

Jumatano aliwasimulia wasichana darasani kwamba yeye ndiye aliyezibariki seli. Alhamisi asubuhi chupa za kabati la pili zikawa na ukungu, nyuzi nyeupe kama pamba iliyochambuliwa, zinaelea ndani ya yale maji mekundu.

“Sikia,” sauti ya Profesa ikaja tena kupitia ukutani, sasa imeshuka, na kushuka huko kulitisha kuliko kelele. “Ulitoka nyumbani kwako, umejaa maua na unga, ukaja moja kwa moja kushika seli zangu. Umeshika kabati la kwanza, umeshika la pili, umeshika chupa za chakula. Kila ulichogusa sikiamini tena. Saa kumi kamili vyote vichomwe.”

“Kabati la kwanza ni safi, Profesa!” Huyo alikuwa mama. “Nimeangalia kwenye hadubini mara tatu.”

“Ukungu hauonekani siku ya kwanza, Vaidehi, unajua hilo kuliko mimi. Nikiingiza uchafu kwenye vichwa vya panya arobaini, nitaandika nini? Vichomwe. Na wewe Dattu, andika barua ya kujieleza. Jumatatu usije. Tutatafuta mtu anayejua kunawa.”

Halafu Dattu akasema, polepole, “Kunawa?”

Watu wa pale wote wanajua jinsi Dattu anavyonawa: mpaka kwenye viwiko, anahesabu hadi sitini, akikosea hesabu anaanza moja. Wanafunzi wapya walikuwa wanamcheka, wakimuuliza kama anajiandaa kuoa.

Sayali alisimama. Miguu ilimpeleka mlangoni, na pale mlangoni ikageuka ikampeleka upande mwingine, kwenye ngazi, chini, getini. Alijiambia anakwenda kuvuta hewa.

Getini alikuwepo Ketki, rafiki yake, anamsubiri waende masomo ya ziada, anakula mkate wenye kachori ya viazi na pilipili, mdomo umejaa.

“Oo, mama mbariki!” Ketki akapaza sauti. “Vipi, seli zako zishaponya nusu ya mji?”

“Nyamaza, Ketki.”

“Ala! Jana ulikuwa kuhani, leo hutaki tena?”

“Nimesema nyamaza! Zimeota ukungu. Zote za kabati lile. Na wamemsingizia Mjomba Dattu. Wanamfukuza.”

Ketki akaacha kutafuna. Akamwangalia, akaangalia huku na huku, akamvuta pembeni karibu na pikipiki za wafanyakazi.

“Umesema?”

“Bado.”

“Usiseme. Una wazimu? Yule mtu mzima, atapata kazi kwingine. Wewe ukisema, anayeulizwa ni mama yako. Mtoto wake ameingiaje mle? Watamfukuza yeye. Utakula nini?”

“Lakini hajafanya.”

“Na wewe hukukusudia. Basi ngoma droo. Mimi sitasema, nakuapia kwa mkate huu.”

Sayali alitamani sana kukubali. Hapo ndipo alipojiona, na alichokiona hakikumpendeza hata kidogo. Maneno ya Ketki yalikuwa yaleyale aliyokuwa anajiambia mwenyewe kwenye ngazi, moja moja, kwa mpangilio huohuo. Kumbe yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine yananuka.

Mara Dattu akatokea. Alikuwa amekuja kuchukua mifuko ya manjano ya kuchomea kwenye stoo ya chini, ameikumbatia kama nguo za kufua. Macho yalikuwa mekundu. Alipomwona Sayali akajilazimisha kucheka.

“Mpwa wangu! Umekula?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Muongo wewe, saa hizi hujala.” Akaweka mifuko chini, akatoa kikopo mfukoni. “Shangazi yako alikufungia hivi vitamu vya Dasara. Nilivisahau tangu juzi. Vimekuwa vigumu kidogo, lakini meno ya miaka kumi na tatu hayaogopi.”

Sayali akapokea kikopo. Kilikuwa na joto la mfuko wake.

“Mjomba, unalia?”

“Vumbi.” Akajifuta kwa mkono wa shati, akakaa kwenye ukingo wa saruji. Halafu akaongea, na ilikuwa kama haongei naye, anaongea na mifuko. “Unajua, labda kweli ni mimi. Nyumbani siku ile maua yalikuwa kila mahali, watoto wanarushiana. Nilibadilisha nguo, nilinawa, lakini... labda lilinasa mahali. Mtu akiambiwa mara kumi ni yeye, anaanza kujitafuta. Tangu asubuhi najitafuta. Miaka kumi na tisa, na sikumbuki tena kama nilinawa.”

Akainuka, akachukua mifuko yake, akapanda ngazi.

Ketki alikuwa anaangalia mkate wake kama haujui. “Sasa?” akasema kwa sauti ndogo.

Kumfanya mtu asiye na kosa alaumiwe, hilo ni baya, alilijua. Lakini kumfanya aamini mwenyewe? Kumwibia hata kumbukumbu ya mikono yake? Saa ya getini ilikuwa inaonyesha tisa na dakika arobaini.

Alipanda ngazi mbili mbili.

Kwenye ukumbi wa maabara walikuwa wote watatu. Profesa Phadnis ameshika orodha, mama ameshika mfuko wazi, Dattu anatoa chupa kabatini na kuzitia humo, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu uleule kama vile zinakwenda kutumika.

“Mama.”

“Si sasa, Sayu.”

“Mama, nataka kusema...”

“Nimesema si sasa! Nenda ofisini, funga mlango.”

“Mtoto anafanya nini hapa?” Profesa hakuinua macho kwenye orodha. “Kabati la pili tayari. Lete la kwanza.”

Dattu akashika mpini wa kabati la kwanza.

“Ua ni langu!”

Sauti ilitoka kubwa mno, ikapasuka katikati. Dattu akabaki na mkono kwenye mpini. Profesa akainua macho. Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kugeuka, na alipogeuka Sayali aliona kwamba ameshaelewa, na kwamba alikuwa anatamani asielewe.

“Rudia,” Profesa akasema.

“Mimi ndiye niliyeweka ua. Jumatatu, mlipokuwa mnakula pedha. Mjomba Dattu hajafanya kitu.”

Alitegemea kelele, alikuwa amejiandaa kwa kelele. Profesa hakupiga kelele. Aligeuza orodha upande wa nyuma, akatoa kalamu, akaanza kuuliza. Kabati gani? La pili. Mkono gani? Wa kulia. Ulikuwa umenawa? Hapana. Uligusa chupa? Ndiyo, mbili, nilipokuwa nalitafuta ua. Kabati la kwanza uliligusa? Hapana. Una uhakika, au unataka kutufurahisha? Nina uhakika. Chupa za chakula? Sikuzigusa. Saa ngapi? Uliliona linadondoka? Ndiyo. Ulijua liko mle?

“Ndiyo.”

“Toka Jumatatu.”

“Ndiyo.”

“Na leo mchana, nilipokuwa namfokea huyu, ulikuwa wapi?”

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. “Ofisini,” akasema. “Nilikuwa nasikia.”

Mama akaweka mfuko chini, akageukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yametulia tuli. Hakumpiga. Afadhali angempiga, mtu akipigwa anapata cha kulilia.

Aliyeongea wa kwanza alikuwa Dattu, na maneno yake hayakuwa juu ya Sayali hata kidogo.

“Basi la kwanza ni safi,” akasema. “Profesa, mimi naanza na la kwanza siku zote. Nalisha la kwanza, nafunga, nanawa upya, ndipo naenda la pili. Kama uchafu ulikuwa la pili tangu Jumatatu, haukupata njia ya kurudi nyuma. La kwanza halijaguswa!”

Mama akageuka. Profesa akamwangalia Dattu, akaangalia kabati, akaangalia saa. Zilikuwa zimebaki dakika nane kufika saa kumi.

“Chupa zinatosha?” akauliza.

“Kwa panya arobaini, ndiyo, kwa kubana,” mama akajibu.

“Chukua sampuli kila chupa,” Profesa akasema. “Zipimwe leo, zipimwe kesho asubuhi, zipimwe kesho jioni. Ikionekana hata uzi mmoja, tunachoma. Chakula kipya, glavu mpya. Vaidehi, wewe na Dattu.” Akafika mlangoni, akasita, akamwambia Sayali bila kumwangalia, “Na wewe utaandika. Kila kosa hapa linaandikwa kwenye daftari la makosa, na aliyelifanya. Mimi mwenyewe nina kurasa sita humo.”

Jioni hiyo kwenye pikipiki mama hakusema neno kutoka taasisi mpaka Kothrud. Ijumaa nayo hakusema, zaidi ya “kula” na “zima taa.” Sayali aliandika ukurasa wake mara nne. Mara ya kwanza aliandika “ua liliingia kabatini.” Akaisoma, akaona aibu, akaifuta, kwa sababu Profesa alikwisha kusema maua hayana miguu. Mara ya nne ndipo alipoandika “niliweka.”

Sampuli zilikuwa safi Alhamisi. Zikawa safi Ijumaa asubuhi na Ijumaa jioni. Jumamosi, kuanzia saa mbili mpaka saa nane, panya thelathini na nane walipewa seli zao. Wawili walikuwa wamekufa kabla, si kwa sababu ya ua, uvimbe tu ulikuwa umewahi. Kama seli zitaufuata uvimbe, kama ile dawa ya upole itageuka, hayo yangejulikana baada ya wiki nyingi. Lakini jaribio lilikuwa hai.

Kila Jumamosi, kazi ikiisha, watu wa maabara wanakunywa chai kwenye chumba cha mikutano na daftari la makosa linasomwa kwa sauti. Anayesoma ni aliyekosa. Sayali alisimama mbele ya watu kumi na moja. Alisoma vibaya, sauti ndogo, mpaka mtu mmoja wa nyuma akasema, “Hatusikii,” ikabidi aanze upya. Alipofika mahali pa “nilisikia Mjomba Dattu analaumiwa, nikanyamaza,” aliona vikombe vyote vimesimama. Alimaliza. Hakujua aweke wapi mikono.

Profesa Phadnis akainuka. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, na kwa mara ya kwanza Sayali alimwona hajui aanze wapi.

“Na mimi nina langu la kuandika,” akasema. “Ua nililiona, mtu aliyelileta sikumwona. Nikachagua mtu aliye karibu. Mwanasayansi anayechagua jibu kabla ya kuuliza hana tofauti na mpiga ramli. Dattu, nilikutukana mbele ya wenzako, kwa hiyo nakuomba radhi mbele yao. Barua usiandike. Jumatatu tunakusubiri.”

Watu wakageuka kumtazama Dattu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, mkoba wake magotini.

“Nimesikia, Profesa,” akasema. “Ila siku nyingine niulize kwanza. Kufokewa nimezoea, nina mke.”

Watu wakacheka, hata Profesa akacheka kidogo kwa aibu. Dattu mwenyewe hakucheka. Alikuwa anamtazama Sayali.

“Njoo hapa, mpwa wangu.”

Sayali akaenda. Akasimama mbele yake, kichwa chini.

“Nisamehe, mjomba.”

“Ngoja kwanza, usiharakishe kusamehewa. Kuweka ua ulikuwa ujinga. Ujinga si dhambi, mtoto anaambiwa, anajua, unaisha. Nisingekukasirikia kwa ua. Tena uliliweka kwa moyo wa heri. Lakini Alhamisi hukuwa mjinga. Alhamisi ulikuwa unajua, na mimi nikawa sijui, na wewe ukaniacha. Nilikaa pale getini nikajitilia shaka mikono yangu mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko makelele yote.”

Machozi ya Sayali yalianza kudondoka kwenye sakafu. Hakuyafuta.

“Wazee wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Huo uvimbe tunaouwinda humu unaua kwa sababu unajificha. Na kosa ni hivyohivyo. Ukilisema siku ya kwanza ni dogo, linatolewa. Ukilificha linaota, na halikui kwako peke yako, linakwenda kuota kwenye kichwa cha mwenzako. Umenielewa?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Ulichelewa, ila ulisema. Zilikuwa zimebaki dakika, na ulisema wewe mwenyewe, hukusubiri kukamatwa. Hilo nalo lipo kwenye daftari, nimeliona.”

Mama, kutoka upande wa pili wa meza, alimtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Hakutabasamu. Alimsogezea kiti, akagonga juu yake kwa kiganja, maana yake njoo ukae.

Dattu akasimama, akatupia mkoba begani, akaagana na Profesa kwa kuinamisha kichwa.

“Jumatatu ukitoka shule uje kwangu kwanza,” akamwambia Sayali. “Nitakufundisha kunawa. Mpaka kwenye viwiko, hadi sitini. Na ukikosea hesabu?”

“Naanza moja,” Sayali akasema, kwa sauti ya mafua.

“Haya.”

Akatoka, akaufunga mlango.